Majani Tisa

Gari la marehemu baba lilikuwa na majani tisa kila upande,
majani ya chuma, yamelaliana kama mikeka ya msibani,
na juu ya majani hayo, msimu hata msimu,
alipakia majani mengine: tumbaku, robota juu ya robota,
kutoka Kitunda hadi maghala ya Tabora.

Kila jani lilikuwa na mwaka wake.
La sita aliliongeza mbuga ilipofurika,
difu ikalala topeni siku mbili kama kiboko.
La saba, bei ilipopanda akabeba kwa pupa.
La nane sijui. Mama anajua, hasemi.
La tisa alilifunga pamoja na shakoli ndefu,
gari likasimama juu, juu,
mbuzi wakapita chini yake bila kuinama,
naye akalitazama, mikono kiunoni:
"Sasa hata Ugalla naivuka."

Hakuivuka. Presha ilimkuta shambani.

Mimi silimi tumbaku. Mimi nambeba mama,
kila Alhamisi ya pili, kwa daktari wa nyonga,
na ndoo mbili tatu za asali nikizipata.
Na gari tupu lina hasira ya punda aliyefunguliwa:
shimo la ukubwa wa sahani linageuka kaburi,
mzizi wa myombo unapiga hadi kwenye meno.
Mama hushika dashibodi kwa mikono miwili.
Haniambii nipunguze mwendo. Anahesabu tu:
"Astaghafiru ya kumi na nne.
Astaghafiru ya kumi na tano."

Nikalipeleka Isevya, kwa fundi Mihayo,
na hela ya shokapu mpya, nene, nyekundu,
nimeifunga kwenye leso.
Akajitupa chini, akagonga jani kwa spana,
akatega sikio.
"Mzee alikuwa anabeba nini?"
"Tani mbili. Zaidi, akikasirika."
"Na wewe?"
"Mama. Kilo hamsini na kidogo."
Akatoka chini, kutu imemjaa kwenye kope.
"Basi chuma hiki hakikujui. Kinamngoja yeye.
Springi hainesi kwa mzigo usiokuwepo.
Weka leso yako. Tupunguze."

Tupunguze!
Mtu ameongeza maisha yake yote.

Yubolti zilikuwa zimeoana na kutu; tulizikata, zikalia.
Majani yakaachana, na katikati yake
udongo mweusi wa mbuga, wa mwaka ule ule,
umekauka, laini kama ugoro.
Mihayo akausugua kwa brashi ya waya. Sikumzuia.
Akapaka grisi, akakata dumu la mafuta ya kula
vipande vipande, akavitia kwenye ncha,
jani lisimtafune jani mwenziwe.
Bushi za mpira, mpya. Shakoli fupi,
"ilale kidogo, kama mtu anayetaka kukaa;
ikisimama wima haina pa kwenda."
Shokapu nilinunua, ndiyo, lakini zile za kawaida,
na tairi akazitoa upepo mpaka zikaacha ubishi.
Gari lilishuka vidole vinne.
Nilivipima mwenyewe, mara mbili.

Alhamisi. Mama alipanda kwa kigoda kile kile.
Tulipofika penye mashimo ya Kiwere
nilisubiri ya kwanza. Haikuja.
Mkono mmoja uliachia dashibodi, ukatafuta ushungi.
"Halmashauri wamechonga barabara?"
"Labda," nikasema.
Tukaenda. Upande wa kushoto unalia bado,
kwenye kona tu, kama mlango wa stoo.
Kisha, bila kuniangalia:
"Umetoa na la nane?"
"Nimetoa."
"Lile alilitia alipokuja kunichukua kwetu, Urambo,
mwaka nilioondoka. Alidhani nitarudi na mizigo.
Nilirudi na kikapu."

Majani yako nyuma ya jiko, yameegemea ukuta.
Sizya mhunzi ameshayaulizia, anataka kufua majembe.
Nimemwambia aje mvua zikikatika.