Kabla ya Njiti

Lugano, lete karai, na ile sabuni ya mche iliyobaki.
Mvua imepumzika. Hapa Bulyaga ikipumzika
huiulizi itarudi lini, unafanya kazi.

Funga mtungi kwanza. Kulia, mpaka ugome.
Baba yako alikuwa anauacha wazi: si nafungua tena kesho?
Jiko hili alilinunua Tunduma, kwa mtu aliyekuwa anahama,
akalipandisha juu ya lori la mahindi,
likafika Tukuyu na matope ya Mbalizi
na mguu mmoja umekatika.
Mguu ule mpaka leo ni tofali.
Usilisogeze likiwa linawaka.

Toa wavu. Kwa baridi hii ya Rungwe
mafuta ya jana yameganda meupe, magumu kama nta.
Kwangua kwa kipande cha mparachichi,
si kwa brashi ya waya:
unywele mmoja wa chuma ulikaa kooni mwa mwalimu Mwaisumo
siku tatu, naye akawa anamlaumu kuku.

Sinia la chini, limwage. Usiniambie bado halijajaa.
Mafuta hayangoji kujaa ndipo yashike moto.

Sasa chomoa mabomba, uchungulie. Unamwona?
Buibui. Kila masika anakuja, mwembamba, hana kelele,
anaifuata harufu inayotukimbiza sisi,
anafuma humo gizani
mpaka moto unakosa njia, unageuka, unarudi nyuma.
Usimuue. Mpeleke kwenye migomba.
Hakujua kwamba amejenga barabarani.

Rudisha kila kitu mahali pake. Noba zote zimefungwa? Haya, povu.
Paka kwenye maungio, hapa, na hapa, kwenye shingo ya mpira.
Fungua mtungi kidogo. Tulia, tazama.
Pua huzoea. Povu halizoei.

Siku ya kipaimara ya dada yako Sekela
watu sitini walikuwa chini ya turubai,
mbuzi watatu wamelala kwenye chumvi na limau,
na hapo, kwenye shingo ya mpira,
likachomoza povu moja
dogo kama jicho la kifaranga.
Likavimba. Likapasuka. Likachomoza tena.

Nikafunga. Nikasema, leo haliwaki.
Baba yako kiberiti kilikuwa mkononi.
Tumpe, akaniambia mbele za watu, unaniaibisha,
upepo wote huu, si itapeperuka?
Nikamwambia, gesi hii si moshi, haipandi.
Ni nzito. Inashuka kama ukungu wa alfajiri
unavyotoka mlimani kwenda kulala bondeni,
inalala chini ya meza, miguuni mwa watoto,
inasubiri.

Tukachoma kwa mkaa uliolowa.
Wageni walikula saa kumi na mbili jioni.
Mchungaji aliondoka na ndizi mbili mfukoni mwa koti.
Wiki tatu baba yako hakusema nami,
na mpaka leo wapo wanaponiona sokoni wanacheka:
huyo ndiye aliyetushindisha njaa.

Ndivyo ilivyo. Ajali isiyotokea
haina msiba, haina wa kuisimulia,
haina hata tarehe.
Wewe utapewa lawama ya nyama iliyochelewa,
na utaibeba.

Mpira mpya nilifuata Mwanjelwa mwenyewe.
Ule wa zamani, jioni moja, nilimkuta nao nyuma ya nyumba,
ameukunja, anautazama ufa wake
muda mrefu.
Hakuniona. Nilirudi ndani taratibu, nikaendelea kumenya viazi.

Haya. Kifuniko juu, usiwashe kikiwa chini.
Uso wako kando.
Njiti iwake ndipo ufungulie noba,
si gesi ikungoje wewe utafute njiti.

Umesikia? Puu, kidogo tu,
kama mtu anayepoza chai.
Moto wa buluu, umekaa chini, hautapatapi.
Endelea.
Ukigeuka njano, niite.