Anwani Isiyo na Barabara

Saa nne usiku, Pasua.
Fundi Shirima amefunga karakana, mashine ya kuchomelea imelala,
taa ya chumbani kwangu imeacha kupepesa.
Hii ndiyo saa yangu.

Kompyuta niliinunua kwa mtu, Kiusa.
Bawaba moja imekatika, kioo nimekiegemeza kwenye tofali,
herufi N haiandiki mpaka uibembeleze.
Seva nimeipakua kwa bando la usiku;
kwenye asilimia tisini na nane ikagoma
kama mbuzi aliyeona daraja.
Nikaiacha, nikaenda kusugua sufuria ya makande.
Niliporudi, ilikuwa imevuka.

Nikaiwasha. Ikakataa:
mlango namba themanini umeshikwa.
Umeshikwa na nani?
Nani amekaa mlangoni kwangu saa hizi?
Nikapekua moja moja mpaka nikamkuta:
programu ya kupigia simu za video
niliyoitumia siku moja tu,
kwenye usaili wa kazi ambayo sikuipata.
Imekaa pale tangu Machi
kama mgeni aliyesahau kwamba ameshaagwa.
Sikuifukuza.
Nikahamia mlango wa nane elfu na themanini.

Kisha nikaandika, polepole:
mia moja ishirini na saba, nukta,
sifuri, nukta, sifuri, nukta,
moja.

Ukurasa mweupe. Sentensi moja: inafanya kazi.
Nilipiga hodi mwenyewe, nikajikaribisha mwenyewe,
na bado nikafurahi kama nimetembelewa.

Wiki tatu nikajenga daftari la kina mama wa Tujikwamue, Kibosho:
wanachama kumi na tisa, hisa, mikopo,
faini ya kuchelewa, faini ya kupokea simu kikaoni.
Mama akapiga: nitumie na mimi nione.
Nami, mjinga, nikamtumia ile ile anwani.

“Nimegonga,” akasema. “Hakuna mtu.”

Hapo ndipo nilipoelewa
kitu nilichokuwa nimekisoma mara kumi:
anwani hii haina barabara.
Ukiiandika Pasua, inaishia Pasua.
Ukiiandika Kibosho, inageuka pale pale Kibosho.
Kila mashine ikiitamka, inajiita yenyewe.
Mama alikuwa amebisha hodi kwenye simu yake,
na simu yake siku hiyo haikupika.

Jumapili nikapanda Kibosho,
kompyuta nimeiviringisha kwenye shuka, tofali nimeliacha.
Mlima ulikuwa umejifunika tangu Alhamisi;
hakuna aliyesema haupo.
Nikagawa intaneti ya simu yangu,
nikampa Mama anwani nyingine, ya mia moja tisini na mbili,
ambayo wanaonana nayo wale tu walio chini ya paa moja.

Ikafunguka.

Hakusema hongera.
Alivaa miwani, akashuka na kidole juu ya kioo,
akasimama.
“Gaudensia alileta elfu ishirini.
Wewe umemwandikia elfu mbili.”
Akachukua kaunta buku juu ya kabati,
ukurasa wenye doa la mafuta ya taa:
elfu ishirini, wino mwekundu, sahihi ya kidole gumba.
“Hii ingetoka nje hivi,
Gaudensia angehama jumuiya.”

Nikaongeza sifuri. Nikapakia upya.
Sifuri ile ile ambayo kwenye anwani
nilikuwa naiandika kama si kitu.

Akaanza upya, jina kwa jina,
kitabu gotini, simu mkononi,
mpaka ndizi zikashika chini ya sufuria
na hakuna aliyeinuka.

Watu wananiuliza itaenda hewani lini.
Sijui.
Jana usiku tumefika kwa Filotea,
na Filotea ni wa nne.