Kapi

Mchwa wa Newala hawabagui.
Walikula kiti, wakala fremu ya picha ya harusi,
wakaingia kasha la mbao alimolaza giaboksi.
Chuma chenyewe walikiramba wakakiacha.
Ndipo Chitanda akasema: basi tuipandishe juu,
kwenye kenchi.

Banda hili la gari halina gari.
Pijo iliondoka mwaka Somoe alipougua mapafu,
ikavutwa kwa kamba mpaka Masasi,
mnunuzi akitaka bodi na matairi tu.
Giaboksi Chitanda alikataa kuiuza.
"Ipo siku," alisema, na siku hiyo
imekaa sakafuni miaka kumi na mmoja,
imevikwa turubai, imefungwa mpira wa baiskeli,
nami naizunguka na ufagio
kama anayemzunguka mgeni aliyelala.

Sasa korosho zimeanza kudondoka.
Nataka sakafu.
Niliwahi kumwambia wa chuma chakavu wanapita kila Jumanne, na mizani yao.
Alinitazama kama nimetaja kuuza mguu wake.

Kilo hamsini na nane.

Akaja mkwe wetu, Likumbo,
na kapi mbili, na kamba ya manila shingoni,
akagonga boriti kwa mgongo wa panga,
akisikiliza,
kama mkunga anayepapasa tumbo.
"Hii mninga. Ile ya pembeni mnazi, msiiamini."

Chitanda alitaka kuipandisha kwa bega.
Alishakunja suruali:
ngazi, bega, bismillahi, kama zamani,
kwa mgongo anaodhani bado ni ule wa zamani.
Sikusema kitu.
Nilichukua ungo wangu wa kunde
nikakaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi,
nikachambua.

Likumbo akaipitisha kamba juu, chini, juu, chini.
"Kapi haipunguzi uzito, mama. Inaugawa.
Kamba nne hizi, kila moja inabeba robo.
Ila utalipa kwa urefu:
vuta mita nne, upate mita moja."
"Kumbe mkopo," nikasema.
"Mkopo," akasema, "usio na riba."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, tumeambiwa.
Siku hiyo mzigo wa mwenzangu
ulinifikia mkononi, robo tu,
na robo ile haikuwa usufi.

Vuta. Shika.
Vuta. Shika.
Giaboksi ikainuka, ikajizungusha polepole,
ikatuonyesha upande tusiouona
tangu Somoe yuko darasa la nne.
Chitanda alisimama chini yake,
mikono juu, viganja wazi, hagusi,
kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea.
"Toka hapo chini!"
"Haidondoki," akasema, lakini akatoka.

Ikalala juu ya kipande cha tairi, kwenye mbao mbili.
Likumbo akafunga fundo, akafunga la pili,
akadai chai.

Usiku nikaamka, upande wa pili wa kitanda baridi.
Nikamkuta bandani na tochi ya simu,
ameielekeza juu.
"Inalia," akanong'ona.
Kweli mbao zililia, kidogo,
kama mtu anayejigeuza usingizini.
Ukungu wa Shimo la Mungu ulishapita chini ya mlango,
miguu yetu haikuonekana vizuri.
Sikutaja mizani ya Jumanne.

Asubuhi hii, juu ya gunia la kwanza,
tone moja, jeusi.
Miaka yote hiyo, na bado ina mafuta.
Karani wa chama atanusa, atashusha daraja,
atauliza nimehifadhi korosho au nimetengeneza magari.
Nimetega sufuria lisilo na mfuniko.
Chitanda kaja, kachungulia ndani yake,
kachovya kidole.
"Unaona? Ingali hai."

Nimemwambia ashike ncha ya pili ya gunia.