Kilicho Mvunguni

Namba yangu ni sifuri thelathini na moja.
Jina, Kahaso, limefungiwa kabatini
na ufunguo anao daktari. Ndivyo alivyosema Fikirini,
kijana wa utafiti, akinisomea ile fomu
kwenye benchi la hospitali, Malindi,
feni ikilia kwi, kwi, kama kifaranga.

Kurasa nne. Mstari mmoja ulinishangaza:
unaweza kujitoa wakati wowote
bila kutoa sababu.
Nikamwambia arudie.
Miaka kumi na mitatu nimebeba chumvi Gongoni,
nimeolewa, nimezaa, nimezika,
na hakuna aliyewahi kunisomea sentensi hiyo.
Nikatia sahihi, kwa herufi kubwa.

Nilidhani ni chumvi.
Sote tulidhani ni magunia. Mama mkwe alisema ni mtu.
Muuza dawa alisema ni figo.
Mwaka mzima vidonge vya njano na chale kiunoni,
mpaka miguu ikaanza kuniuliza njia.

Daktari Mbodze akaiweka picha kwenye mwanga:
hizi ni pingili zako.
Na kweli zilikuwa pingili, kama za muwa,
ila mbili zimetafunwa, na kando yake usaha
umekaa kimya, bila homa ya kutajika,
kama mpangaji asiyelipa kodi wala kupiga kelele.
Kifua kikuu, akasema.
Nikacheka. Kifua gani hiki kinachokaa mgongoni?
Yeye hakucheka.

Walitaka kujua: dawa za miezi tisa zatosha,
au lazima kumi na miwili?
Hawajui. Walitamka hivyo hivyo, hatujui,
wasomi wazima, kalamu mifukoni.
Bahasha zikafunguliwa. Yangu, tisa.
Ya Chengo, thelathini kamili, mwenzangu wa benchi,
kumi na miwili.
Akanitania: wewe umepewa mimba, mimi kifungo.

Mkojo ukawa rangi ya achari.
Kila mwezi swali lile lile:
maumivu yako, mama, sifuri hadi kumi?
Nilisema sita. Saba nimeiwekea uchungu wa uzazi,
na kumi siijui, wala sitaki kujulishwa.
Kisha ile futi ya fundi cherehani:
inama, magoti yasikunjwe.
Anapima toka ncha ya kidole hadi sakafuni.
Arobaini na moja.
Thelathini na nane.
Thelathini na nane tena, nikalia njia nzima.
Ishirini na mbili.

Mwezi wa tano Chengo hakuja.
Wala wa sita. Nikaisoma karatasi ya Fikirini
kutoka upande wangu, kichwa chini miguu juu:
thelathini, hapatikani.

Si kweli. Anapatikana.
Shuka Marereni, uliza nyumba ya mashine ya kusaga,
zunguka nyuma, chini ya mkorosho,
udongo bado haujashikana.
Nauli iliisha kabla ya dawa, mwambie daktari.
Pikipiki shilingi mia sita, na njia ina mashimo
yanayoijua kila pingili kwa jina.
Iandike hiyo.
Fikirini akageuza karatasi, akageuza tena,
hapakuwa na kisanduku chake.
Akaandika pembeni, nje ya mistari,
kwa mwandiko mdogo kama wa mwizi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Aliyesema hivyo alikuwa na mgongo mzima.
Mvunguni mwangu kuna ndala moja ya kushoto
na kijiko cha mtoto, tangu Pasaka.
Jana nilijaribu. Nikashika kitanda, nikashuka
kama ndoo kisimani, kidogo, kidogo,
vidole vikasikia ubaridi wa saruji, havikuigusa.
Sentimita tisa, kwa kukadiria.

Kijiko na kingoje.