Risasi

Torino, katika matbaa iliyo nyuma ya mto Dora,
mimi nilikuwa mpanga herufi, na herufi zilikuwa za risasi.
Mpanga herufi husoma kinyume, kulia kwenda kushoto,
kama wasomavyo wao katika sinagogi.
Hilo aliniambia Bi Estella Norzi, akicheka,
siku niliyompelekea kadi za tamasha la wanafunzi wake wa piano.
"Basi wewe, Ercole, ni nusu wetu."
Akanipa kipande cha keki ya lozi.
Nilikila nimesimama, kofia kwapani.

Kisha ikaja karatasi yenye mihuri mitatu.
Haikusema ua. Haikusema piga.
Ilisema: katika kitabu cha simu cha mwaka ujao
watu wa jamii ya Kiyahudi wasionekane.
Wasionekane. Neno la adabu,
kama mgeni anayeomba taa ipunguzwe.

Msimamizi Gramaglia akatugawia orodha na vibano.
Diena, ndugu wawili, vitambaa vya jumla. Toa, toa.
Lattes Amadio, miwani na darubini. Toa.
Ottolenghi, daktari wa masikio,
aliyenitoa punje ya dengu sikioni nikiwa na miaka sita.
Toa.
Kila jina mstari mmoja,
kila mstari mwepesi kuliko kijiko cha chai.
Hatukumpiga mtu risasi.
Tulitoa risasi tu,
tukaitupa sufuriani, ikayeyuka,
na kabla ya jioni ikawa tangazo la mafuta ya nywele.

Ningependa kusema kwamba mstari wake niliuficha mfukoni.
Sikuuficha.

Na kuhusu pengo, niseme kweli:
jino likitoka, ulimi hauachi kupapasa mahali pake.
Ukurasa hauna ulimi.
Unasukuma mstari wa chini uje juu kidogo,
unakaza fremu, unagonga kwa nyundo ya mti,
na Norese anakaa bega kwa bega na Novarese
kana kwamba tangu dunia kuumbwa
hapakuwa na mwanamke kati yao.
Gramaglia alipitisha kidole. "Safi," akasema.
Ilikuwa safi. Nilijivunia, Mungu anisamehe,
mkono wangu usiotetemeka.

Nilijituliza: jina limetoka, simu ingalipo.
Atakayemtaka atakumbuka namba.
Wanafunzi wakapungua, mmoja kwa homa, mwingine kwa baba.
Redio yake ikachukuliwa na kijana mwenye risiti.
Nilipokutana naye sokoni, kwenye foleni ya viazi,
nilikuwa na haraka.
Sikumbuki haraka ya nini.

Wajerumani walipoingia, nilifikiri (ndiyo, nilifikiri hivi)
kwamba labda tumewafanyia hisani:
mtu asiyeonekana atatafutwaje?
Lakini ile orodha ya kutoa haikutupwa.
Ilikuwa kwenye jalada la kijani, na nakala zake nne,
mtaa, ghorofa, umri, mlango wa kushoto au wa kulia.
Kumbe waliofutwa ndio walioandikwa vizuri zaidi.
Mashati meusi wa kwetu walitangulia na tochi;
ngazi walizijua.

Theluji ya Januari. Watu walisema kuna treni.
Watu walisema mengi, kwa sauti ya chini, wakaendelea kula.
Usiku ule nilibaki matbaa peke yangu, na simu ya ofisi.
Nne, nane, sifuri, mbili, saba.
Ililia mara tatu. Nikaona chumba chake,
zulia, saa ya ukutani, sahani ya keki.
Ikainuliwa.
Sauti ya mwanamume, iliyoshiba: "Halo?"
Na nyuma yake mtoto
akibonyeza piano kwa kidole kimoja,
noti ileile, noti ileile.
"Halo? Nani?"
"Samahani," nikasema, "nimekosea."

Namba ilikuwa sahihi.