Maoni kutoka Jumla

Siku tatu kwa miguu, milima mitatu,
fomu mgongoni zimefungwa nailoni:
Kathmandu inaandika katiba, inauliza watu.
Wilaya yenyewe inaitwa Jumla
na hakuna aliyewahi kuijumlisha.

Bishnukala Rokaya alikuwa juu ya paa, anaanika tufaha.
"Katiba ndiyo nini?"
Nikajibu: sheria mama.
Alicheka hadi ungo ukamponyoka.
"Mama! Na mwanangu kanyimwa uraia
kwa kuwa ana mama tu."

Nikaeleza nilivyofunzwa semina:
zamani sheria ililala kinywani mwa mfalme,
akigeuka ubavu, nayo inageuka.
Sasa tunaiandika, tuipigie kura,
imbane hata atakayeiapia.

"Basi andika. Wanasema baba na mama.
Ng'oa na. Pachika au.
Herufi mbili kwa herufi mbili,
hata wino hauongezeki."

Akabonyeza dole gumba, lina utomvu wa tufaha.

Kamati ilikesha juu ya neno hilo.
Profesa Upreti alitaja mipaka, damu, jirani mkubwa;
mwenzake akagonga meza, chai ikamwagika kwenye ibara ya kumi na moja.
Rasimu ya kwanza: na.
Ya pili: au.
Ya tatu: na, yenye kinyota,
na chini ya ukurasa maelezo madogo kama chawa.

Mimi nabeba faili tu.
Jana usiku simu iliita, sauti ya kijana, upepo nyuma yake:
"Kaka, lile neno letu
limelala upande gani?"