Mshono wa Upande wa Kushoto

Siku ya kumi na tisa mshono ulifunguka.
Haukupasuka. Ulifunguka taratibu,
kama mfuko wa koti la mtumba
uliobebeshwa sarafu miaka mingi,
nami nimeinama kuokota kifungo
chini ya cherehani yangu, Isevya, saa nne asubuhi.

Mimi ni fundi. Kiraka nakijua.
Hakishiki kwa sababu kimependeza;
kinashika pale kitambaa kinapokubali uzi.
Walichukua nyama ya tumbo langu kule Dar,
wakaipandisha, wakaikunja, wakaizungushia mshono
mwembamba, safi, nilioutazama kwenye kioo
nikasema: aliyeshona hapa ana mkono.
Kisha treni hadi Tabora, nimekumbatia mto,
kila kiungio cha reli nikikihesabu kifuani.

Sasa ukingo umekuwa mweusi.
Chini yake kuna tundu,
na Nesi Kalunde analipima kila Jumatatu
kwa kijiti cha pamba, kule Kitete, chumba cha vidonda.
Anaandika: sentimita nne.
Jumatatu nyingine: nne.
Nyingine: nne na nusu,
akafunga daftari upesi kama mtu aliyefumaniwa.

Anakata kilichokufa kwa mkasi mdogo.
Siumii. Hilo ndilo linaloniliza:
nyama ni yangu, na haina habari na mimi.

Daktari aliuliza, unavuta sigara?
Sivuti. Lakini nimekulia Urambo,
utoto wangu nimeulaza ukutani mwa bani la tumbaku
kwa sababu ukuta ulikuwa na joto.
Akaandika kitu. Sikuuliza ameandika nini.

Mama mkwe alikuja na matobolwa kwenye bakuli.
Akakaa. Akalitazama dera langu lilivyolowa upande mmoja.
"Uhai ulikuwa umeshaupata.
Titi la nini tena, miaka hamsini na mbili,
watoto wameshaoa?"
La kuvalia gauni, nikamjibu.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Sikumwambia habari za ule mwaka mzima
niliowashonea watu nguo za harusi,
nikiwazungushia futi kifuani, nikisoma namba kwa sauti,
halafu usiku, taa imezimwa, najizungushia mwenyewe
na futi inalegea.

Usiku mwingine nilijilaumu hadi adhana ya alfajiri.
Nani alinituma?

Wiki ya saba daktari akabadili dawa.
Asali, alisema. Iliyosafishwa, ya hospitali,
usije ukanichotea ya barabarani.
Nikacheka mbele yake, nikashika mbavu:
mimi, mjukuu wa mtundika mizinga wa Sikonge,
nimeandikiwa asali kwa kalamu!
Shashi ikachovywa, ikasokotwa, ikasukumwa ndani.
Inachoma. Kumbe nyuki hawajasahau.

Na sisimizi nao wakapata habari.
Usiku wa tatu walipanda mguu wa kitanda,
mstari mmoja, kimyakimya, kama wanaokwenda msibani.
Maganga aliwasha tochi.
Tangu nirudi alikuwa akigeukia ukuta ninapobadilisha kitambaa,
nami nilikuwa nimemwachia ukuta wake.
Sasa akainama, anawatoa mmoja mmoja kwa ukucha,
bandeji imebanduka pembeni,
na tochi ikasimama pale.

Nilisubiri.

"Ndani ni pekundu," alisema.
Kisha, kama mtoto anayeuliza hesabu,
"Pekundu ni pazuri, sivyo?"
Ni pazuri, nikasema. Kalunde anasema ni pazuri.
Akaenda jikoni, nikasikia mabati yakigongana.
Akarudi na makopo manne, akayajaza maji,
akainua kitanda nami nikiwa juu yake,
mguu baada ya mguu,
akiguna kama mpagazi.

Jumatatu: tatu na nusu.
Iliyofuata: tatu na nusu. Haikusogea.
Sitasema nimepona, maana sijapona,
na tumbo nalo lina mshono wake, linawasha mvua ikikaribia.
Vifungo nashona kwa mkono; gurudumu la cherehani
anazungusha binti wa jirani, anakwenda kasi mno, namkemea.

Kesho nina zamu Kitete.
Nimelifua lile gauni la bluu,
nimelianika ndani.